Tunamlilia Red, si Andy

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu hivi karibuni akishangaa kwa nini watu wazima, wengine wanaume wenye wajukuu, hutokwa na machozi wanapoitazama filamu ya The Shawshank Redemption, ambayo kwa maoni yake ni hadithi ya wafungwa wa Marekani isiyotuhusu hata chembe. Aliongeza kwamba filamu hiyo inamzoesha mtazamaji kuwapenda wahalifu, na akashauri isionyeshwe kwa wanafunzi wa sekondari. Barua yake ilikuwa ya adabu na yenye hoja, na hoja mojawapo naikubali kabisa, kama nitakavyoeleza. Lakini swali lake la msingi, yaani watu hao wanalia nini hasa, bado linadai jibu, na majibu mawili yaliyozoeleka hapa mjini Dodoma hayanitoshi.

Jibu la kwanza ni matumaini. Muulize yeyote aliyeiona, atakwambia kwamba filamu ile inafundisha kutokata tamaa. Ni kweli, ila filamu za kutokata tamaa ni nyingi, na nyingi tunazitazama huku tunatafuna karanga, zinakwisha, tunakwenda kulala. Jibu la pili ni dhuluma, kwamba inauma kumwona mtu asiye na hatia akifungwa maisha. Hilo nalo ni kweli, lakini lina kasoro ambayo watu hawaiangalii: Andy, huyo mfungwa asiye na hatia, anapofanikiwa kutoroka, watazamaji hawalii, wanapiga makofi. Kilio huja baadaye, wakati Andy hayupo tena kwenye picha na anayeonekana ni Red, rafiki yake wa gerezani. Na Red hakuonewa. Red aliua, na mwenyewe anasema.

Kwa ajili ya wasioiona, nieleze kwa kifupi. Andy Dufresne, ofisa wa benki, anahukumiwa mwaka 1947 vifungo viwili vya maisha kwa kosa la kumuua mke wake pamoja na hawara wa mke huyo, kosa ambalo hakulifanya. Anapelekwa katika gereza la Shawshank, jimbo la Maine, na humo anafahamiana na Red, mfungwa wa siku nyingi anayejulikana kwa kuwapatia wenzake vitu kutoka nje kwa njia za panya. Karibu miaka 20 baadaye Andy anatoweka kupitia shimo alilolichimba ukutani kwa kinyundo cha kuchongea mawe, shimo lililofunikwa muda wote na picha kubwa za waigizaji wa kike. Filamu iliongozwa na Frank Darabont kutokana na hadithi ya Stephen King iliyochapishwa mwaka 1982. Tim Robbins ndiye Andy, na Morgan Freeman ndiye Red. Ilipotoka mwaka 1994 haikuwavuta watu. Iligharimu takribani dola milioni 25, lakini mzunguko wake wa kwanza katika majumba ya sinema ya Marekani ulirudisha kama milioni 16 tu, na ingawa ilipendekezwa kwa tuzo 7 za Oscar, haikuambulia hata moja. Ilipata watu wake taratibu, kwa kanda za kukodi na kwa kurudiwarudiwa kwenye televisheni, mpaka mwaka 2008 ikapanda kileleni mwa orodha ya tovuti ya IMDb, ambayo hupangwa kwa kura za watazamaji wenyewe. Huku kwetu ilifika bila tangazo lolote, kwenye kanda, halafu DVD, halafu flashi, mtu akimpa mwenzake na kumwambia, hii usiiache.

Hoja yangu ni kwamba filamu hii huanza kwa kutuomba huruma kwa ajili ya mtu asiye na hatia, ombi ambalo hakuna anayelikataa, kisha kwa muda wa zaidi ya saa mbili huihamisha huruma hiyo kidogo kidogo na kuikabidhi kwa mwenye hatia, bila sisi kuona ilihama saa ngapi.

Inafanyaje? Tuanze na sauti. Anayesimulia tangu mwanzo ni Red, na kwa sababu hiyo hatuingizwi hata mara moja ndani ya mawazo ya Andy. Hatujui kuwa anachimba. Tunagundua siku ileile anayogundua Red, asubuhi ya kuhesabiwa, wafungwa wamesimama milangoni na seli moja haina mtu. Kwa hiyo kila tunachokiona kuhusu Andy tunakiona kwa jicho la mtu ambaye zamani aliacha kutumaini na ambaye anamtazama mgeni huyu kwanza kwa dharau, kisha kwa udadisi, kisha kwa hofu. Usiku wa kwanza Red anaweka dau la sigara kwamba Andy ndiye atakayeanza kulia, na anapoteza sigara zake. Miaka kadhaa baadaye anamwonya kwamba matumaini ni kitu cha hatari, kwamba yanaweza kumtia mtu wazimu. Sisi tuliokwisha kuvuka miaka 50 tunaijua sauti hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo tunayoitumia tunapozungumza na watoto wetu waliomaliza chuo na hawajapata ajira: punguza matarajio, mwanangu, usije ukaumia.

Tazama pia tukio la juu ya paa, ambalo kwangu mimi ni bora kuliko lile la kutoroka kwenyewe. Ni mwaka 1949, na kundi la wafungwa limepelekwa kupaka lami paa la kiwanda cha kutengenezea namba za magari. Andy anamsikia mkuu wa walinzi, mtu katili asiye na mfano, akilalamikia kodi atakayokatwa kwenye urithi wake, naye anamsogelea kumpa ushauri, akaponea chupuchupu kurushwa chini kutoka juu ya jengo. Malipo anayoomba kwa kazi hiyo ya kikaratasi ni bia tatu kwa kila mfungwa mwenzake aliye pale. Wanazipata. Wanakaa juani wakinywa, mikono imechafuka kwa lami, na Red anasimulia kuwa walijiona kama watu huru wanaopaka lami paa la nyumba zao wenyewe. Andy hanywi. Amekaa pembeni kivulini, ametulia, anawatazama, na anapopewa bia anasema aliacha pombe. Hakuna maelezo mengine. Red ndiye anayekisia kwa nini alifanya vile, na hana hakika, na kukisia huko ndiko kunakotufanya na sisi tukisie. Kama filamu ingetupeleka ndani ya kichwa cha Andy na kutueleza alichokuwa anakiwaza, tukio lile lingekuwa mahubiri.

Muziki nao ni vivyo hivyo. Andy anajifungia katika ofisi ya gereza na kuwapigia wafungwa wote, kwa vipaza sauti, wimbo wa wanawake wawili kutoka opera ya Mozart, na uwanja mzima unasimama. Red anakiri kwamba mpaka leo hajui wale wanawake walikuwa wanaimba nini, na wala hataki kujua. Mgeni aliyewahi kusimama kando ya Wagogo wakiimba kwa sauti zao zinazopishana, bila kujua neno moja la Kigogo, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa nije kwenye machozi. Katikati ya filamu kuna mzee anayeitwa Brooks, mtunza maktaba wa gereza, aliyeingia mwaka 1905 na kuachiwa baada ya takribani miaka 50. Habari za kuachiwa kwake zinamchanganya kiasi cha kumshikia mwenzake kisu shingoni, ili afanye kosa asiondoke. Anatolewa hata hivyo, amevaa suti, ameshika kisanduku. Magari yanampita kasi barabarani. Anapewa chumba kidogo cha kupanga na kazi ya kufungasha bidhaa dukani, na mikono inamuuma. Huenda bustanini kuwalisha ndege akitumaini kwamba kunguru aliyemlea gerezani atamtokea. Mwisho anapanda juu ya kiti, anachonga jina lake kwenye boriti ya dari, na kujinyonga. Naamini mtazamaji wa Kitanzania anachomwa hapa kwa namna ambayo Mmarekani huenda asiione: yule ni mzee mwenye mvi, na katika barabara zote anazopita hakuna mtoto hata mmoja anayempa shikamoo. Ndani ya gereza aliheshimiwa, aliulizwa, alikuwa na wadhifa. Nje ni mzee wa kufungasha mifuko ambaye meneja wake hampendi.

Filamu inapokwenda mbele tunamsahau Brooks, na nadhani hilo limekusudiwa. Baada ya Andy kutoroka, Red anaachiwa, na anapelekwa katika chumba kilekile, chini ya boriti ileile yenye jina lile, kufanya kazi ileile ya dukani. Mtazamaji hahitaji kuambiwa lolote. Amekwisha kuonyeshwa chumba kile kinaishia wapi, na kuanzia hapo anaogopa, na kadiri Red anavyosita mbele ya dirisha la duka la vitu vilivyotumika, akitazama bastola upande mmoja na dira upande wa pili, hofu inazidi. Red anaichagua dira. Nimewatazama watu wakiitazama filamu hii, na mara nyingi ni hapo, kabla hata ya barua chini ya mwaloni na kabla ya bahari, ndipo leso zinapoanza kutoka mifukoni. Hofu iliyojazwa tangu kwa mzee Brooks inafunguliwa kwa mkupuo mmoja.

Nitoe mfano mmoja. Jirani yangu hapa Chang'ombe ni askari magereza mstaafu, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Afande. Jioni moja alikuwa sebuleni kwetu filamu hii ilipokuwa ikionyeshwa, pamoja na vijana wawili watatu wa nyumbani. Likafika tukio la Red akiwa kazini dukani, mzee mzima, anainua mkono kumwomba bosi ruhusa ya kwenda chooni, na bosi anamwita kando na kumwambia kwamba hana haja ya kuomba kila mara, akibanwa aende tu. Vijana wakacheka. Afande hakucheka. Aliweka kikombe chake cha chai chini, akasema, "Huyo mimi nimemfungulia geti." Kisha akawasimulia habari za mtu mmoja aliyemaliza kifungo kirefu, akaja kumsalimia nyumbani wiki ileile, mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa pembeni, lakini alisimama kizingitini hadi alipoambiwa apite, na alipoambiwa alichuchumaa kwanza, kama wanavyochuchumaa wakati wa kuhesabiwa, kabla ya kukumbuka kwamba ameambiwa aketi kwenye kochi. Vijana hawakucheka tena usiku ule. Red analisema jambo hilohilo kwa maneno yake: miaka 40 ameomba ruhusa, na sasa bila ruhusa mkojo hautoki.

Msomaji mwenzangu anasema habari hizi hazituhusu. Mimi naona mji wetu una sababu zake za kuzielewa. Ni mji wenye Gereza Kuu la Isanga, ambako karandinga kupita barabarani si jambo la kumshangaza mtu. Ni mji wa ofisi na mafaili, na yeyote aliyewahi kufuatilia mafao au hati ya kiwanja anajua thamani ya Andy kuandika barua kila wiki kwa miaka sita kuomba fedha za maktaba, mpaka serikali ya jimbo inapochoka na kumtumia dola 200 na masanduku ya vitabu vilivyotumika, ikimsihi asiandike tena, naye anaamua kuanzia hapo kuandika barua mbili kwa wiki. (Hata mji wenyewe uliambiwa mwaka 1973 kwamba serikali inahamia hapa, na wazee waliolisikia tangazo lile kwenye redio walikaa hadi mwaka 2016 ndipo wakaanza kuona magari ya mawaziri.) Kusubiri kunakochukua sehemu kubwa ya umri wa mtu si jambo la Maine peke yake.

Lipo jambo moja ambalo kwetu lina sura tofauti, nalo linafaa kuelezwa, kwa sababu watazamaji wengi wa hapa hawalielewi. Red anafikishwa mara tatu mbele ya bodi ya parole, yaani bodi inayoamua kama mfungwa aachiwe kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo chake: baada ya miaka 20, baada ya 30 na baada ya 40. Mara mbili za kwanza anajibu kama kasuku kwamba amebadilika, na anakataliwa. Mara ya tatu anaacha kuomba. Anawaambia wajumbe kwamba anajuta kila siku, kwamba anatamani angeweza kuzungumza na yule kijana mpumbavu aliyetenda kosa lile, lakini kijana hayupo, amebaki mzee huyu, na wao waandike watakachoandika wasimpotezee muda. Wanamwachia. Kwetu sisi Sheria ya Bodi za Parole ilitungwa mwaka 1994, mwaka uleule ilipotoka filamu hii, lakini haiwahusu waliofungwa maisha. Red angefungwa huku asingefika mbele ya bodi hata mara moja. Tumaini lake lingekuwa rufaa, au msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba.

Hapo ndipo ninapokubaliana na msomaji mwenzangu kuhusu kuzoeshwa kuwapenda wahalifu, na sitaki kulipita jambo hili haraka. Tarehe 9 Desemba 2017, katika sherehe za Uhuru kwenye Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, wakiwamo 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, na baadhi ya waliosamehewa walikuwa watu maarufu waliofungwa maisha kwa makosa dhidi ya watoto. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Lakini watetezi wa haki za watoto walipinga, na walikuwa na haki ya kupinga, kwa sababu katika furaha ya lango kufunguliwa ni rahisi mno kumsahau aliyeumizwa. Filamu ya Shawshank ina kosa hilohilo. Red anasema aliua, basi. Hatuambiwi alimuua nani. Katika hadithi ya Stephen King tunaambiwa: aliharibu breki za gari ili mke wake afe, na ndani ya gari hilo wakafa pia jirani yao na mtoto wake mchanga. Darabont aliliondoa hilo. Naelewa kwa nini aliliondoa, kwani mtazamaji akishakuwa na mtoto yule kichwani hatamwandama Red mpaka ufukweni kwa moyo mmoja. Lakini kuelewa hakumaanishi kuridhika. Machozi yetu kwa kiasi fulani yamerahisishwa kwa kuficha kaburi moja dogo, na mtu anayeipenda filamu hii, kama mimi ninavyoipenda, anapaswa kulijua hilo na bado aangalie kama anaweza kumsikitikia yule mzee mbele ya bodi. Mimi naweza. Wapo wasioweza, na siwaoni kuwa na mioyo migumu.

Kuhusu mwisho wa filamu nina neno moja tu. Inafahamika kwamba Darabont awali alitaka filamu iishie Red akiwa ndani ya basi, anaelekea mpakani, hajui kama atafika, na watayarishaji ndio waliotaka tuwaone marafiki wawili wakikutana kwenye ufukwe wa Zihuatanejo, Meksiko. Ningeachiwa kuchagua, ningeiacha kwenye basi. Hata hivyo naona walilifanya kwa kiasi, maana wanaonyeshwa kwa mbali, hawasemi lolote tunaloweza kulisikia, na kamera inazidi kujitenga nao.

Lililobaki ni pendekezo la msomaji mwenzangu kuhusu shule, nalo silikubali kama lilivyo. Kwa watoto wa kidato cha kwanza hadi cha nne yuko sahihi, kwa kuwa filamu ina matusi, ukatili wa walinzi na matukio ya ubakaji baina ya wafungwa ambayo si ya umri huo. Kwa vijana wa kidato cha tano na cha sita naona inafaa, mradi mwalimu aketi nao hadi mwisho, awaeleze tofauti ya parole na msamaha wa Rais katika sheria zetu, na awasomee kwa sauti, baada ya taa kuwashwa, ile sehemu ya hadithi ya King inayoeleza nani alikuwa ndani ya lile gari. Kisha awaulize upya wanamwonaje Red. Nikialikwa na shule yoyote ya hapa mjini kuja kuwasikiliza wakibishana, nitakuja, na Afande amesema atanisindikiza.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi,
Chang'ombe, Dodoma